Kidevu Juu na Doa la Angani

Kaka yangu amewaambia watu wainue kidevu kwa miaka ishirini na sita. Ndiyo kazi yake. Mtu anaingia dukani kwetu, anakaa kwenye stuli mbele ya kitambaa cheupe, na kaka anamwambia, "Kidevu juu kidogo. Kidogo tu. Hapo hapo, usipepese." Flashi inawaka, na baada ya robo saa mtu anatoka na picha nne za pasipoti zenye sura nzuri kuliko aliyoingia nayo. Mtaa mzima unamwita Kidevu Juu. Hata mkewe alikuwa akimwita hivyo kabla hawajashindwana, na sikumlaumu wifi yangu kuondoka, maana alikuwa akielekezwa kichwa mpaka mezani wakati wa kula.

Mimi ni mdogo wake. Tuko wawili tu. Upande wa kushoto wa duka ni wake: kamera, stuli, taa mbili zenye miavuli. Upande wa kulia ni wangu: mashine ya fotokopi, kompyuta ya kuchapia barua za watu, na kaunta ambayo kila mtu anaiegemea utadhani kaijenga yeye. Nyuma ya duka kuna ua, na ukivuka ua unaingia kwenye nyumba aliyotuachia mama. Basi huyu mtu namwona asubuhi, mchana na jioni, na kama kuna mtu mwenye kibali cha kumsema, ni mimi.

Sifa yake haikuwa kupiga picha. Kupiga picha anaweza yeyote. Sifa yake ilikuwa kusafisha. Chunusi, makovu, mifuko chini ya macho, vyote alivitoa kwenye kompyuta bila kuombwa. "Mteja hasemi, lakini anataka," ndivyo alivyokuwa akisema. Mimi mwenyewe aliniondoa alama nyeusi ya shavuni kwenye picha ya kitambulisho. Nikaenda nayo ofisini. Karani akanitazama, akaitazama picha, akaniuliza kwa upole mdogo wangu mbona hakuja mwenyewe.

Hilo nilimsamehe. La mama sikumsamehe.

Mama alikuwa na kovu kwenye nyusi ya kushoto, na kovu lile niliweka mimi. Nikiwa na miaka mitatu nilirusha mfuniko wa sufuria kwa sababu nimenyimwa kitu ambacho hata sikikumbuki, ukampata pale juu ya jicho. Nywele hazikuota tena, pakabaki mstari mweupe. Tangu hapo, kila nilipoleta ujeuri, mama hakujisumbua kugomba. Aliinua nyusi ile, akagusa kovu kwa kidole, akanitazama. Unaiona kazi yako? Nami nilinywea papo hapo. Nilinywea nikiwa na miaka minane, nikanywea nikiwa na miaka arobaini, na watoto wawili, na miwani.

Miezi michache kabla hajafariki, kaka alimpiga picha dukani. Akaisafisha. Akaikuza, akaitia fremu, akaitundika sebuleni. Kovu hakuna. Makunyanzi hakuna. Ni mwanamke fulani laini kama kipande cha sabuni, anayefanana na mama kwa mbali, labda upande wa binamu. Kila nikipita nilimwambia, "Shikamoo, mgeni," kwa sauti ya kutosha kaka asikie.

Nilimwuliza mara nyingi iko wapi picha yenyewe, ile ambayo hakuigusa. Jibu lilikuwa moja. Ameifuta. Kila jioni kabla ya kufunga duka hufuta kadi ya kamera, ili kesho aanze na kadi tupu. Wengine wanazima taa, yeye anafuta kadi. Na picha nyingine za mama ni mbili tu, za kundi, yuko mstari wa nyuma na uso wake ni mdogo kuliko punje ya mchele. Miaka sita nimekaa na hasira hiyo. Sikutaka dhahabu, sikutaka shamba. Nilitaka nyusi moja, na kaka yangu alikuwa ameifuta.

Sasa nyota.

Nyota zilianza pale simu zilipomnyang'anya wateja. Watu wakaanza kujipiga wenyewe ukutani kwao, wakaja kwetu kuchapisha tu. Kaka akawa na muda, na mwanamume mwenye muda ni balaa. Siku moja akaniita kwenye kompyuta akiwa ametoa macho. Mtu mmoja wa mbali huko alikuwa ameweka kwenye kundi la mtandaoni picha ya wingu jekundu lenye mikunjo, liko angani kati ya nyota.

"Hii kapiga nyuma ya nyumba yake," kaka akasema. "Na kamera kama yangu. Kama hii hii!"

"Hongera kwake," nikasema. Nilikuwa na barua tatu za kuchapa.

Jioni ile akaipeleka kamera uani, akaielekeza juu, akapiga. Akapiga na flashi. Nasema flashi, jamani. Mkono ulijiendea wenyewe. Ua mzima uliwaka, jirani wa nyuma ya ukuta akapiga kelele kuuliza kuna nini, na picha ikatoka safi kabisa: nguo zangu tatu za ndani kwenye kamba, zinang'aa, na nyuma yake giza. Nilimwambia akithubutu kuiweka kwenye kundi lake nitamzika kwenye ua huo huo.

Akazima flashi. Akaacha kamera ifungue jicho kwa dakika nzima, na nyota zikatoka ndefu ndefu kama minyoo.

"Dunia inazunguka," akanieleza kwa uchungu, utadhani nimeizungusha mimi.

Dawa ya dunia kuzunguka, akasoma, ni mbao mbili zilizoungwa kwa bawaba, na bolti ndefu katikati. Unazungusha bolti polepole, ubao wa juu unainuka, na kamera iliyo juu yake inafuata nyota. Kazi ya mkono. Akawa anakaa uani saa nzima akizungusha bolti na kuhesabu kwa sauti ya chini, na ukimsemesha anakukata jicho. Mara moja alipiga chafya. Kazi ya saa nzima ikaenda na chafya.

Halafu nikafungua mashine yangu ya zamani ya fotokopi, ile niliyoiweka kwa ajili ya vipuri, nikakuta mota haipo.

"Kaka."

"Naam, mdogo wangu." Akisema mdogo wangu ujue kuna jambo.

"Mota yangu iko wapi?"

"Ile mashine ilikuwa imekufa."

"Hata wewe ukifa sitakutoa figo bila kuuliza."

"Inazungusha bolti," akasema, na uso wake ulikuwa na furaha ya kijinga kiasi kwamba hasira ilinipotea njiani. "Polepole kabisa, kwa kipimo. Njoo uone. Nyota zimekuwa duara!"

Nikaenda kuona. Zilikuwa duara. Sikumwambia ni nzuri. Nilimwambia nataka mota yangu.

Ikafuata hatua ambayo mpaka leo naisimulia watu wakitaka kucheka. Nilimkuta amekaa uani, lenzi ameifunika kwa kifuniko chake, na kamera inapiga tu, kachu, kachu.

"Unapiga nini?"

"Giza."

"Umelipata?"

"Bado ishirini."

Akanieleza. Kamera yenyewe ina madoa yake, vijitone vinavyotokea hata kama hakuna kitu mbele yake. Basi unaipiga ikiwa imezibwa macho, unapata madoa matupu, kisha programu inayatoa kwenye picha za nyota. Halafu asubuhi unavuta kitambaa cheupe mbele ya lenzi, unapiga weupe mtupu, upate madoa ya vumbi nayo uyatoe. Kitambaa cheupe kilikuwa blauzi yangu, lakini tuache hilo.

"Kwa hiyo umeenda mpaka mbinguni," nikamwambia, "na bado unatoa chunusi."

Akacheka sana. Angejua, asingecheka.

Ilimchukua karibu mwaka. Ukungu kwenye lenzi, taa ya jirani, mawingu yanayosubiri atandaze vitu vyake ndipo yaje. Lakini mwishowe akarundika picha mia na ishirini moja juu ya nyingine kwenye kompyuta, akavuta hiki, akasukuma kile, na lile wingu likatokea. La kwake. Jekundu kwa nje, jeupe kwa ndani, na vijinyota vinne katikati vimebanana. Nilisimama nyuma ya kiti chake na nywele za mikono zikanisimama. Yaani kitu hiki kiko juu ya kamba yangu ya nguo kila siku na sina habari. Nilimshika bega, nikamwambia, "Hii umeweza." Akalitundika dukani. Mteja wa kwanza akauliza kama ni picha ya tumbo kutoka hospitali.

Baada ya wingu akataka galaksi, mji mzima wa nyota ulio mbali zaidi. Wapiga nyota ndivyo walivyo, hawatosheki. Akabadilishana taa zake mbili za miavuli na lenzi ndefu ya mpiga picha za mpira, akangoja usiku usio na mwezi. Kadi yake kubwa ilikuwa imejaa wingu, na wingu lile asingelifuta hata kwa kisu shingoni. Akafukua kwenye droo akatoa kadi ndogo ya zamani, iliyokuwa imelala humo tangu aliponunua hiyo kubwa miaka sita nyuma. Usiku mmoja tu, picha tisini, na galaksi ikatoka: duara lililoinama, lina mikono iliyojizungusha, dogo lakini lipo.

Akaliweka kwenye kundi. Watu wa nchi za mbali wakamsifu. Safi sana, wakasema. Safi! Neno hilo kwa kaka yangu ni sawa na kumpaka asali. Jioni akafunga duka, na kabla hajafunga akafanya alichofanya kwa miaka ishirini na sita. Picha ya mwisho ya galaksi anayo, amekwisha kuichapa. Akafuta picha tisini kwenye kompyuta, akafuta kadi, akairudisha kwenye droo.

Siku ya nne akaja upande wangu wa duka saa nne asubuhi, ameshika simu, midomo imemkauka.

"Kuna nyota imelipuka," akasema.

"Wapi?"

"Kwenye galaksi. Ile yangu. Mtu kaiona jana akatangaza, dunia nzima ya wapiga nyota inaihangaikia. Nyota inakufa, inalipuka, inawaka kuliko zote. Haitokei ovyo."

"Basi umeikosa. Pole."

Akaweka simu juu ya kaunta. Mtaalamu mmoja wa chuo cha mbali huko alikuwa amekusanya picha zote za galaksi ile zilizopigwa wiki hiyo, ili ajue nyota ilianza kuwaka lini. Ya kaka ilikuwemo. Tena ilikuwa ya muhimu kuliko zote, kwa sababu mahali pengine kulikuwa na mawingu na yeye peke yake ndiye aliyekuwa amepiga usiku ule. Mtaalamu alikuwa ameandika kwamba anamshukuru sana, na kwamba kwa ushahidi wa picha yake safi, usiku ule nyota ilikuwa bado haijalipuka.

"Sasa mbona uso kama umefiwa?" nikamwuliza. "Si umetajwa na chuo?"

"Kulikuwa na doa," akasema.

"Doa gani?"

"Pembeni ya galaksi, kwenye mkono wa chini. Kidoa cheupe. Nikatazama picha za wenzangu za miezi iliyopita, hawana. Nikajua ni kamera yangu. Nikalitoa."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika mashine ya fotokopi nisianguke. Mtu kaona nyota inalipuka siku kadhaa kabla ya binadamu wengine wote, akaifuta akidhani ni chunusi! Mteja aliyekuwa anasubiri kopi zake akacheka pia bila kujua anachocheka.

Kisha kicheko kikanikauka. Sijui kilitoka wapi kilichofuata, lakini kilitoka na sauti kubwa.

"Ndivyo ulivyomfanyia mama," nikasema.

Kaka akanitazama.

"Ndivyo hivyo hivyo. Kitu chenyewe ndicho ulichokifuta. Ukatuachia usafi wako. Na sasa wasomi wa watu wanaandika uongo kwa sababu yako, na mimi nina mwanamke wa sabuni ukutani, na ukiulizwa chenyewe kiko wapi, umefuta! Kila kitu umefuta!"

Mteja akachukua kopi zake akaondoka bila chenji. Kaka akarudi upande wake, akakaa kwenye stuli ya wateja, akainamisha kichwa. Kidevu chini kabisa.

Siku mbili hakula vizuri. Sitaki kusema nilimwonea huruma, lakini nilimwekea chai mara tatu na chai mara tatu nikaikuta baridi. Nilimwambia amwandikie mtaalamu ukweli. Akasema ukweli bila ushahidi ni maneno ya mtu anayetaka sifa. Nani atamwamini mpiga pasipoti anayesema aliiona nyota halafu akaifuta? Na akikaa kimya, uongo unabaki kwenye karatasi za watu milele, na jina lake chini yake. "Mara ya kwanza maishani mtu kuniamini," akasema, "na ndiyo mara niliyodanganya."

Siku ya tatu akatoa kadi ndogo kwenye droo, akavuka barabara kwenda kwa fundi simu.

Lazima muelewe uzito wake. Fundi simu ni mtu mwenye kitambi na miwani ya kukuza aliyoivalisha paji la uso, na kosa lake ni kwamba anatengeneza simu, na simu ndizo zilizomla kaka yangu. Walikuwa hawajasalimiana mwaka wa pili. Nilifunga upande wangu nikamfuata, kwanza kwa sababu nilitaka kujua, pili kwa sababu nilitaka kuona anavyosalimia.

"Habari za kazi," kaka akaiambia meza.

"Nzuri, mzee," fundi akasema. Hakumzodoa hata kidogo, nikampenda kwa hilo. Akaichukua kadi kwa vidole viwili. "Imefutwa?"

"Nimeifuta mwenyewe."

"Umepiga kitu kingine humu tangu uifute?"

"Hata kimoja."

"Basi usiwe na wasiwasi sana. Kadi haifuti, mzee. Inajifanya tu imefuta. Inaandika mlangoni kwamba chumba ni kitupu, lakini vitu viko ndani mpaka vije vingine vivikalie. Vuteni viti."

Tukavuta viti. Akachomeka kadi kwenye kompyuta yake iliyojaa stika, akafungua programu, na mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Ulitambaa kwa uvivu sana. Kaka alikuwa anatikisa goti mpaka meza ya fundi inacheza na vijiskurubu vinaruka.

Picha ya kwanza ikatokea. Nyeusi, ina vijitone. Ya pili, ya tatu. Fundi akaikuza. Galaksi, hafifu kama alama ya kidole kwenye kioo. Na pembeni yake, kwenye mkono wa chini, kidoa cheupe.

"Ndicho hicho!" kaka akapiga kelele, akasimama, akamkumbatia fundi simu. Adui yake. Kichwa chake kiligonga ile miwani ya kukuza na hakujali. "Kiko! Mdogo wangu, kiko! Kiko picha zote!"

Nami nilifurahi. Nilifurahi kabisa, tuliruka ruka kama wehu. Tulikuwa tumeshika mlango tutoke fundi alipotuita.

"Bado inaleta," akasema. "Ina vitu vya zamani chini huko. Nikate?"

Kwenye skrini zilikuwa zinamiminika nyuso. Nyuso za pasipoti, mbele ya kitambaa chetu cheupe, moja baada ya nyingine. Walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni. Niliwakumbuka, walikuja mia tatu siku moja kwa ajili ya vitambulisho, foleni ikafika barabarani. Na walikuwa kama walivyozaliwa. Chunusi zao, makovu yao, mwenye jino la pembeni, mwenye jicho lililochoka. Hakuna aliyeguswa. Tukarudi kutazama, tukaanza kucheka na kuwataja. Huyu si yule muuza magodoro sasa hivi? Ndiye, tazama pua!

"Siku ile ndiyo kadi ilijaa mpaka mwisho," fundi akasema. "Siku zilizofuata bila shaka ulipiga watu wachache, picha hazikufika huku mwisho. Ndiyo maana hawa wamepona."

Mfanyakazi wa mwisho akapita. Halafu akaja mama.

Alikuwa amekaa kwenye stuli. Siku ile alimletea kaka chai jioni kwa sababu alikuwa hajala tangu asubuhi, na kaka akamkalisha kwa nguvu, foleni ilipokwisha. Picha tano. Ya kwanza amenuna, anamtazama mpiga picha kama anayedaiwa maelezo. Ya pili amefumba macho. Na ya tatu, nyusi ya kushoto iko juu, imekatika katikati, mstari mweupe kabisa, na kidole chake kiko juu ya kovu.

Ya nne kidole bado kipo, na mdomo uko wazi. Anasema kitu. Ya tano ndiyo ile ya ukutani, kabla ya sabuni.

Fundi alinitazama, akamtazama kaka.

"Huyu mama anaonyesha nini?" akauliza.

Kaka alikuwa ameshika ukingo wa meza. Nyota ilikuwa imemtoka kichwani, niliona.

"Ananiambia nisiliguse," akasema.

"Nini?" nikasema.

"Alijua kazi yangu. Akasema, hili usiliguse, hili ni la mdogo wako. Nikamwambia sawa, mama." Akajifuta uso kwa kiganja, vibaya, kama mtoto. "Halafu nikakaa kwenye kompyuta, mkono ukaenda. Nikadhani anasema tu. Wateja wote husema hivyo, niache nilivyo, halafu ukiwasafisha wanafurahi. Alipoiona aliinua nyusi tu. Ndiyo maana kila ukiuliza nilikwambia tu nimeifuta, maana ungeuliza zaidi ningelazimika kukwambia na hili."

Nililia pale kwenye banda la fundi simu, na makamasi, mbele ya mteja aliyekuja na kioo kilichopasuka. Nilitaka kumpiga kaka yangu na nilitaka kumshika, na kwa kuwa banda lilikuwa dogo nilifanya vyote viwili kwa pamoja. Fundi alituacha kwa muda, kisha akauliza kwa adabu, "Na ile nyota niiweke kwenye flashi diski moja na picha za mama?"

Barua kwa mtaalamu niliichapa mimi, ndiyo kazi yangu. Kaka alisimama nyuma yangu akisema, nami nikaandika. Nyota ilikuwepo usiku ule. Niliifuta mimi kwa mazoea ya kazi. Picha zenyewe tisini hizi hapa, hazijaguswa. Nilimwuliza kama aongeze kuomba msamaha kidogo, akasema hapana, picha zinatosha. Jibu lilikuja baada ya wiki: mtaalamu amerekebisha karatasi yake, anashukuru, na anashauri siku nyingine kaka asisafishe kabla ya kuhifadhi. Aliyeitangaza nyota ni yule mwingine, na ndivyo itakavyobaki. Kaka akasema ni haki. Aliponiambia hivyo alikuwa anachapa galaksi upya, na kidoa chake, kubwa, ya kutundika dukani. Wateja wanamwuliza mbona hilo doa hajalitoa, na anawajibu kwa ukali mpaka wengine wanaogopa kukaa kwenye stuli. Wakikaa anawauliza, nitoe au niache? Wote wanasema toa. Anatoa, lakini zile zenyewe anazihifadhi zote, na sasa anaye rafiki ng'ambo ya barabara wa kumwuzia diski.

Mwanamke wa sabuni tulimshusha. Pale sebuleni iko ile ya tatu, yenye kidole.

Nilidhani nitaipita nikifurahi. Kumbe. Juzi nilifungua mashine yangu ya fotokopi, hii nzima inayofanya kazi, nikakuta kaka ameegesha bisibisi ndani yake. Anataka mota ya pili, eti mbao zake sasa zinahitaji kusogea pande mbili. Nilimfokea. Nilimwita mwizi, nikamwita kipofu, nikamkumbusha blauzi, nikamkumbusha kila kitu tangu utotoni mpaka sauti ikaniisha. Nikageuka niondoke kwa kishindo, nikapita sebuleni, na nyusi ile ilikuwa juu, na kidole kiko palepale.

Nikanywea.

Nikarudi uani, nikamwambia aichukue.